Tangi Nililompimia Tata Ngoy

Mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na tisa, ndipo shida iliponikamata shingoni. Sitaanza na baba yangu wala babu yangu. Watu wanaoandika maisha yao wanapenda kuanza na ukoo, na wakimaliza ukoo karatasi zimekwisha. Mimi niliishia darasa la nne, karatasi zangu ni chache. Niseme tu kwamba mwezi wa pili wa mwaka huo nilifukuzwa stesheni ya Lubudi, nilikokuwa nabeba magunia, kwa sababu nilimjibu msimamizi. Hata leo nasema nilimjibu vizuri. Nilidandia behewa la mizigo mpaka Kolwezi nikiwa na shati moja, blanketi moja, na mdomo mkubwa kuliko vyote viwili.

Naandika haya kwa sababu wiki tatu zilizopita tulimzika Mama Odila. Kilio kilikuwa nyumbani kwake, katika kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi. Wanaume tulikaa uani kwenye viti vya plastiki, wanawake walikuwa ndani, na mlangoni mwa jiko niliona tangi la kioo lenye kona za chuma. Watu wote wa mtaa ule wanalijua. Kwa miaka arobaini Mama Odila aliuzia vitumbua ndani yake: nzi wakae nje, vitumbua vikae ndani, mteja aone anachonunua. Mjukuu wake mmoja, kijana anayechimba kobalti huko vilimani, alinikaribia na glasi ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akaniuliza, "Tata mukubwa, banasema ile kioo ya bitumbula njo we ulifanyaka. Ni bongo?" Nikamwambia si uongo, ni mimi. "Na banasema ilikuwaka ya samaki." Nikasema ndiyo, ilikuwa ya samaki. Akangoja niendelee. Nilikunywa munkoyo wangu, nikatazama zile kona nilizozichomelea kwa mikono yangu, na aibu ya miaka zaidi ya arobaini ikanipanda usoni kama ya jana. Kijana yule anakohoa. Hakujua kwamba nilipomsikia akikohoa, jicho langu lilianza kumpima lenyewe, na nikalizuia.

Nilipofika Kolwezi mwaka ule nilipokewa na Tata Muteba, Mlunda wa kutoka Dilolo aliyejifunza kazi ya vioo kwenye madirisha ya mabehewa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza iliyofunikwa blanketi la jeshi. Juu ya blanketi hilo tulikata vioo asubuhi, na saa sita tulikung'uta vipande, tukaligeuza upande wa pili, tukala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo hapo hapo. Nimekula mezani kwa watu wakubwa tangu siku hizo, lakini bado nikikaa kula natazama kwanza kama kuna chembe ya kioo. Tulikuwa na kazi za aina tatu. Kwanza madirisha. Pili matangi ya samaki, kwa sababu miaka ile mainjinia na wakubwa wa ofisi walipenda kuwa na samaki sebuleni. Tatu, na hii ndiyo iliyotulisha, vile vioo vidogo vinavyowekwa kwenye kifuniko cha sanduku la maiti ili watu wamwone marehemu uso. Seremala alileta kipimo, mimi nilikata. Mara nyingine familia ilikuja kuagiza mapema, mgonjwa akiwa bado kitandani, na Tata Muteba alinituma nikaone upana wa mabega. Nilikwenda kama mtu wa kusalimia tu. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeshaona wagonjwa wengi kuliko padri, na nilijifunza kitu ambacho hakuna aliyenifundisha: kumtazama mtu na kujua amebakiza muda gani. Nilikuwa sikosei. Nilijivunia, Mungu anisamehe.

Kuhusu matangi, Tata Muteba alikuwa na sheria moja na hakuibadilisha hata kwa mkurugenzi. "Samaki hapimwi leo," alisema. "Unapima urefu atakaokufa nao." Alikuwa na kamba yenye mafundo, fundo moja kila sentimita kumi. Ukimletea samaki mdogo kama kidole, hakumtazama kabisa. Aliuliza ni wa aina gani, halafu akahesabu mafundo ya samaki mzima: urefu wa tangi mara tatu ya samaki huyo, upana umzidi kidogo ili ageuke bila kukunja mkia. Mtu akilalamika kwamba tangi ni kubwa kuliko kabati lake, Tata Muteba alimjibu, "Basi fuga kabati." Samaki anayekua haraka ndiye anayedanganya watu zaidi, alisema, kwa sababu siku unayomnunua anaonekana kama pambo, na mwaka haujaisha amekuwa mpangaji.

Mwishoni mwa mvua, mwezi wa nne, Tata Muteba akiwa Dilolo kwenye msiba, Mama Odila aliingia karakana. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamuru. Mume wake, Tata Ngoy, alikuwa amepiga mashine ya kutoboa mawe chini ya ardhi mpaka vumbi likamkaa mapafuni, na sasa hakuweza kutembea hata mpaka kwenye bomba la maji. Alikuwa mtu wa mtoni, amelelewa na Lualaba, na kilichomuumiza kuliko kifua ni kutouona mto. Basi shemeji yake alimletea kambale mdogo ndani ya bidoni, dumu la maji. "Mi sina namna ya kuleta muto mu nyumba," Mama Odila aliniambia, "lakini kipande kidogo ntaleta. Kuya upime."

Chumba chao nakiona sasa hivi ninapoandika. Kitanda chini ya dirisha, redio juu ya stuli, kabati la harusi lenye kioo kilichopasuka kona, pazia la maua likitenganisha chumba na jiko. Kambale alikuwa kwenye beseni la kuogea, mrefu kama kiganja, na sharubu zake zinapapasa bati. Tata Ngoy alikuwa ameketi kitandani na mito mitatu mgongoni. "Uyu jina yake ni Shefu," aliniambia, kama walivyomwita msimamizi mgodini. "Juu iko na mustashi, anakula, na kazi hafanye." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda mrefu, na Mama Odila akaja na kopo, akamshika paji la uso kama mtoto. Kambale akapanda juu, akavuta hewa kwa mdomo, akashuka. Kambale yuko hivyo, maji peke yake hayamtoshi, lazima aje juu kupumua. Tata Ngoy alipopata sauti alisema, "Unaona? Naye pia inamupasa akamate pumzi kwa nguvu. Tuko babili."

Nilitoa kamba ya mafundo. Niliitandaza kwenye ukuta mrefu: mita tatu kasoro kidogo. Kambale wa Lualaba akilishwa vizuri anafika sentimita themanini bila shida. Ukuta ulitosha, ila kabati litoke na kitanda kihame. Nilijua hesabu hiyo vizuri kabisa, na nataka msomaji aelewe kwamba nilijua. Halafu nilimtazama Tata Ngoy. Niliona mishipa ya shingo, kucha za bluu, mabega. Nikasema moyoni: huyu hataiona mvua mpya. Kwa nini niwavunjie watu chumba, nimalize saruji na vioo, kwa miezi mitano? Samaki hatakuwa amefika hata nusu mita. Nikaandika kwenye karatasi: tisini kwa thelathini na tano. Nilitengeneza tangi zuri, kona za chuma, mastiki safi ya kuzibia, kifuniko cha waya. Nilijiona mtu mwenye akili na huruma. Tata Muteba aliporudi akauliza kwa nini nimempa kambale tangi la sentimita tisini. Nikamjibu, "Chumba ni kidogo, Tata." Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika kazi, na aliuamini kwa sababu aliniamini mimi.

Miezi ya kiangazi nilipita pale mara nyingi, kwa sababu Mama Odila alikuwa ananipa chakula. Nikila bukari nyuma ya pazia nilimsikia Tata Ngoy akizungumza na samaki. "Shefu, leo banaleta kapenta. Shefu, usinitazame hivyo, mi sikukufukuza kazi." Alimlisha dagaa hao mwenyewe, kwa mkono, asubuhi na jioni, na samaki akakua kama aliyetumwa. Mwezi wa sita alikuwa mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko. Mwezi wa tisa alipotaka kugeuka alipinda kama ndizi, akasugua pua kwenye kioo, na pua ikatoka kidonda cheupe. Tata Ngoy alikuwa akikitazama kidonda kile. Mimi nilikuwa nikila haraka na kuondoka.

Mvua ya kwanza ilishuka siku moja mchana, kubwa, ya kupiga bati. Kambale akisikia mvua damu yake inamwambia ahame. Shefu alisukuma kifuniko kwa kichwa, akaangukia sakafuni, akaanza kujikokota kwa mapezi kuelekea mlangoni. Jirani, Mama Bea, ndiye aliyemkuta kizingitini. Nilipoitwa na kufika nimelowa, nilimkuta Mama Bea bado ameshika sufuria. "Mi nilizani ni Mungu ametuma mboga!" alikuwa anajitetea. "Samaki anatembea mwenyewe anaingia kwangu, mi nifanye nini, nimusalimie?" Wanawake wakacheka, Mama Odila hakucheka. Shefu alikuwa ndani ya gunia lenye maji, kwenye mapaja ya Tata Ngoy.

"Banza, ikala," akaniambia. Nikakaa kwenye stuli.

"Tata, kifuniko njo kilikuwa chepesi. Ntaleta jiwe."

"Hapana mambo ya kifuniko. Kambale inakomaa mpaka wapi, ulijua ao hukujua?"

"Nilijua."

"Ukuta uliiona?"

"Niliiona."

"Shi ulipima nani?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Ningeweza kusema tena kwamba chumba ni kidogo, lakini tulikuwa ndani ya chumba hicho hicho. Nikasema, "Nilipima ninyi, Tata." Nilimwita "ninyi" kwa heshima, na heshima ilikuwa imechelewa.

Alishika gunia vizuri mapajani. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Ulinipatia mpaka lini?"

"Mpaka mvua ya kwanza."

Akageuza uso kwenye dirisha. Maji yalikuwa yanashuka kama kamba. "Njo hii," akasema. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau, na ambayo nayaandika kama alivyoyasema. "Kila mutu ananipima. Munganga ananipima na mashini. Bakubwa ba kazi bananipima na karatasi. Shemeji yangu ananipima na macho, juu ya kinga yangu. Hata muke wangu, usiku anasikiliza kama napumua. Mi nilizani ile tangi njo kitu kimoya mu nyumba hii yenye haikunipima. Nilikuwa naitazama na napumuzika." Kinga ni baiskeli yake, ilikuwa nzuri, na shemeji alikuwa ameshaipaka mafuta mara mbili bila kuombwa. Nilitaka ardhi inimeze. "Sasa pima tena," akasema. "Samaki. Hapana miye."

Nilimwambia Tata Muteba ukweli wote. Nilitegemea kofi. Aliondoa blanketi mezani, akanionyesha vioo viwili vinene vya duka lililofungwa, alivyokuwa amevitunza kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, akasema, "Chukua hivi. Na kioo cha sanduku usikate tena mpaka ile kazi iishe. Macho yako yameugua." Hakuniambia neno jingine kwa siku nne.

Nilipima mita mbili na sentimita arobaini urefu, tisini upana, sitini kimo. Tangi la chuma la ukubwa huo lisingeingia mlangoni, kwa hiyo nililijenga mle mle chumbani: matofali na saruji pande tatu, mbele vioo viwili na nguzo katikati. Sikulifanya refu kwenda juu, kwa sababu kambale anayepanda kupumua hapaswi kuchoka njiani. Kitanda kilihamia ukuta wa pili. Kabati la harusi lilitoka nje. Mama Odila alisimama mlangoni na mikono kiunoni: "Kabati yangu inalala inje juu ya samaki!" Mama Bea akamjibu kutoka uani, "Nyamaza, Mama Odila! Samaki atakuwa na salon ya kupokea bageni, we utakuja kwangu kuona kabati." Na kweli, kabati lilikaa kwa Mama Bea mpaka alipohama.

Lakini saruji mpya ni sumu kwa samaki. Ina ukali unaochoma mapezi na matamvua yake. Lazima ujaze maji, uweke vipande vya mgomba vioze ndani, umwage, usugue, ujaze tena, mara nne, na kila mara wiki nzima. Watu wa mtaa walijipanga na ndoo kutoka bombani mpaka dirishani, wakibishana ni ndoo ya ngapi, na chumba kikanuka mgomba uliooza. Wakati huo Shefu alikuwa ndani ya pipa lililokatwa nusu, uani, chini ya wavu. Na wakati huo ndipo Tata Ngoy alipolala chini kabisa. Homa ilimpanda, alikataa bukari, alikataa hata uji. Sauti yake ikawa kama karatasi.

Tulikuwa tumejaza mara ya tatu Mama Odila aliponivuta jikoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Banza, weka samaki leo."

"Mama, bado. Saruji itamuua."

"Acha imuue kesho! Leo bwana yangu amuone. Unamuona namna gani iko? Hafike siku ya Bwana."

Nilisimama pale na sufuria tupu mkononi. Jicho langu lilikuwa limeshamaliza hesabu, na lilikuwa linakubaliana naye. Mabega, kucha, shingo: siku tatu, labda nne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanamke huyu alinilisha miezi minane, na alikuwa ananiomba kitu kimoja tu. Nikamwambia, "Mama, aliniambia nipime samaki." Akanipiga kofi. Nililipokea. Kisha akaketi juu ya gunia la makaa na kulia bila sauti, ili mumewe asisikie, na nyuma ya pazia tulisikia ile sauti ya karatasi: "Odila. Acha fundi atumike kazi yake." Alikuwa amesikia yote. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita fundi.

Siku zilizofuata sikulala vizuri hata moja, na sitaki kuzieleza. Alifika Jumapili, akaipita. Tulimwaga maji ya tatu, tukajaza ya nne. Niliweka samaki wadogo wawili wa kujaribia, nikawatazama asubuhi na jioni. Siku ya tisa walikuwa bado wanaogelea na wanagombania chakula. Mwaka mpya ulikuwa umeshaingia. Tuliwaita majirani, tukambeba Shefu kwenye gunia lenye maji, mimi kichwani, Mama Bea mkiani, akilalamika kwamba samaki mzito hivi angelisha kwaya nzima. Tata Ngoy aliinuliwa, mito minne mgongoni. Tukamteremsha Shefu.

Alitulia chini kwa muda mrefu, sharubu zinapapasa sakafu mpya. Kisha akaondoka, taratibu, akafuata kioo mpaka mwisho, mita mbili na arobaini. Pale mwisho akageuka. Aligeuka mzima, mkia umenyooka, bila kugusa kitu. Akapanda juu, akavuta hewa, akarudi. Tata Ngoy alinyoosha kidole akifuata samaki, kutoka ukuta mpaka ukuta, na mara tatu nilisikia pumzi yake ikingoja samaki apande ndipo nayo itoke. "Sasa iko muto," akasema. Akaomba uji.

Aliona mvua nyingine mbili nzima. Mimi nilikuwa nimempa miezi mitano, kisha siku nne. Alipofariki, Mama Odila alikuja karakana kuagiza kioo cha sanduku, akataka nikate mimi na si mwingine. Nilikata. Baada ya kilio tulimpeleka Shefu Lualaba ndani ya nusu pipa, tukamrudisha kwao. Alikuwa na sentimita themanini na mbili.

Siku hizi wenye fedha za kobalti wanakuja na samaki wa nchi za mbali, wadogo, wanang'aa, wananiambia wanataka tangi la kuenea kati ya televisheni na mlango. Nawauliza ni aina gani, atakufa na urefu gani. Wengi hawajui. Nawatajia kipimo, anayekataa namwonyesha mlango, hata akiwa na gari la namna gani. Wanasema mzee Banza ana kiburi. Ni kweli. Vioo vya masanduku sikati tena, nimewaachia wengine.

Leo nina nyumba ya vyumba sita hapa Kolwezi, iliyolipwa yote. Nina karakana yenye milango miwili na mafundi wanne. Nina kamioneti moja inayotembea na moja isiyotembea. Nina shamba la mahindi Lubudi, karibu na ile stesheni, na mbuzi kumi na moja. Nina meno kumi na tisa. Nina blanketi la jeshi la Tata Muteba na kamba yake ya mafundo. Na tangu wiki iliyopita nina tangi la kioo, tisini kwa thelathini na tano, kona za chuma, ambalo wajukuu wa Mama Odila waliniletea siku ya kumaliza kilio, bado linanuka mafuta ya vitumbua. Liko juu ya meza ninapoandikia. Ni tupu.